Risala ya Kikundi cha Baiskeli na Matembezi ya Milimani, Morogoro, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,
Walimu wetu mliotupa uwanja huu,
Wazazi, majirani na wanachama wenzetu,

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha leo, tarehe 3 Juni, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2018 kuwa Siku ya Baiskeli Duniani. Sisi tumeidandia na letu dogo: tunatimiza miaka minne tangu tuanze kuendesha baiskeli na kupanda mlima pamoja hapa Morogoro. Tunakushukuru Mheshimiwa kwa kukubali kuja, tena Jumamosi, siku ambayo tunajua familia nayo inakudai.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kukualika wewe hakukuwa kubahatisha. Katika waanzilishi saba wa kikundi hiki, wanne walitokea kliniki yako ya presha na sukari, kila mmoja na kikaratasi chenye mwandiko wako: tembea dakika 30 kila siku. Mmoja wao anacho mpaka leo, amekikunja ndani ya kava la simu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kwa hiyo hesabu yako ilikuwa imekaa sawa. Kilichotushinda ni kuitekeleza. Mzee huyu wa kikaratasi anasimulia kwamba alitembea siku tatu, akizunguka nyumba yake mwenyewe, mpaka jirani akamuuliza kama kuna kitu kimempotea. Siku ya nne mvua ilinyesha. Siku ya tano haikunyesha, lakini hakutoka.

Wiki iliyofuata alimgongea jirani yule dirisha alfajiri akamwambia, "Wewe si ndiye uliyekuwa unaniangalia? Basi amka twende wote." Jirani huyo ndiye Mwenyekiti wetu, aliyekaa kushoto kwako.

Mheshimiwa, hapo ndipo lilipo fundo la mambo yote tunayotaka kukueleza leo. Kujidanganya mwenyewe kitandani ni kazi nyepesi mno. Kumdanganya mtu aliyesimama Msamvu saa kumi na mbili kasorobo, kwenye baridi ya mwezi huu wa sita, ameshika baiskeli yake na ya kwako, hiyo haiwezekani. Unaamka ukinung'unika, unakunywa maji, unakwenda.

Leo tuko wanachama 43: walimu, mafundi, mama lishe, bodaboda wawili ambao wenzao huwatania kwa kuhangaika na pedeli wakati injini wanayo, wastaafu, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine. Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya mwezi ni baiskeli. Ya pili ni mlima. Ya nne kila mtu anabaki kwake, maana tuligundua ndoa nazo zinahitaji Jumamosi. Safari yetu ya kawaida ni Bwawa la Mindu, barabara ya Iringa. Tukijisikia tunashika barabara ya Dar es Salaam, tunapita Kingolwira mpaka Mikese. Mikumi, kwenye mbuga ya wanyama, hatujafika na hatuna haraka nako. Kule wenye barabara ni wengine, na hawapigi kengele. Wapo kati yetu wanaotamba sana kwa hizi safari. Huwa tunawakumbusha kwamba mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoka Butiama mpaka Mwanza kwa miguu kuliunga mkono Azimio la Arusha, akiwa Rais wa nchi. Mindu ni nini?

Tuseme sasa habari ya kina mama. Mwaka wa kwanza hatukuwa na mwanamke hata mmoja kwenye baiskeli. Mlima walikuwa wanapanda, na wanaume wengi waliwafuata kwa mbali sana, ila baiskeli hapana. Tulipouliza tukaambiwa ni sketi, tukaambiwa ni maneno ya vijiweni. Sababu nyingine ilisemwa kwa sauti ya chini: hawakuwahi kujifunza. Kaka zao walijifunzia baiskeli ya baba wakiwa na miaka tisa, miguu haifiki, mguu mmoja umepenyezwa katikati ya fremu, huku dada wakiwa kisimani na ndoo.

Basi kila Jumapili jioni, kwenye uwanja huu huu, tukaanzisha darasa. Mwanafunzi wetu wa kwanza alikuwa mama lishe wa Msamvu mwenye miaka 52. Alikuwa anabana breki zote mbili na huku anashangaa mbona haiendi. Kijana wetu mmoja akashika keria kwa nyuma, akawa anakimbia naye. Mama anapiga kelele, "Usiniache mwanangu, usiniache!" na kijana anajibu, "Nipo mama, nipo!" Akaendelea kujibu hivyo hivyo, "Nipo mama," akiwa ameshaachia siku nyingi, amekaa zake chini ya ule mwembe. Mama alikwenda mpaka goli la pili. Alipogeuka akakuta yuko peke yake ndipo alipoanguka, kwenye nyasi, akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Kina mama wanaoendesha leo ni 14, naye ndiye mkia wetu.

Mkia, Mheshimiwa, ni cheo. Ni mtu wa mwisho kwenye msafara, anayebeba pampu, viraka, solusheni, spana na tyubu ya akiba, na hairuhusiwi mtu yeyote kubaki nyuma yake. Wa mbele wakifika juu ya kilima wanasubiri mpaka wamwone mkia. Mwanzoni utaratibu huu haukuwepo. Vijana wenye baiskeli za gia walikuwa wanafika Mindu, wanapiga picha, wanageuza, wanatukuta sisi wengine bado tunakwenda, wanatupungia mkono. Mwezi ule watu sita walijitoa kikundini. Hatukuwalaumu, hakuna aliyeamka saa kumi na moja ili apungiwe mkono. Watatu kati yao walirudi mkia ulipoanza, na mmoja wa watatu hao amekuja leo na mkewe.

Mlima una heshima yake tofauti. Njia yetu ni ya Morningside, kwenye ile nyumba ya zamani ya Wajerumani. Mara tatu tumefika kilele cha Bondwa, tukiwa na kibali na mwongozaji, kwa sababu kule ni ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, na kwa sababu ukungu wa Bondwa ukishuka humwoni hata aliyeshika fimbo moja na wewe. Mwongozaji alitueleza kuhusu ndege mmoja ambaye haishi kwingine kokote duniani ila milima hii ya Uluguru. Hatukumwona. Tunaamini alitusikia tukihema akahama bonde.

Lakini aliyetufundisha mlima ni mwingine. Siku ya kwanza tulikuwa 11, viatu vipya, chupa za maji, mmoja na fimbo mbili za kisasa zilizotumwa na shemeji yake wa Uingereza. Tulipofika kwenye mwinuko wa pili tukaketi wote kwenye mawe. Akashuka mama wa Kiluguru, umri wa bibi zetu, malapa miguuni, tenga la mboga kichwani, anawahi Soko la Chifu Kingalu. Alikuwa ametoka nyumbani gizani. Akasimama bila kulitua tenga.

"Mnafuata nini huko juu?"

"Mazoezi, mama."

"Mazoezi ya kitu gani?"

Mheshimiwa, hatukuwa na jibu. Mwenyekiti akajaribu kusema habari za presha. Mama akatutazama mmoja mmoja, akafika kwa yule wa fimbo mbili, akamwambia, "Pole baba," akaendelea na safari yake. Tangu siku hiyo tukikutana na kina mama hao tunasimama pembeni kuwapisha, tunaamkia shikamoo, na tukirudi mjini mboga za Jumamosi tunanunua kwao.

Yapo pia ya kuumiza. Mwaka jana, mwezi wa nane, mwenzetu mmoja alikuwa anarudi kutoka Mikese. Lori lilimpita karibu mno, upepo wake ukamsukuma nje ya lami, gurudumu la mbele likadondoka kwenye ule ukingo ambapo lami inaishia na korongo linaanzia. Alivunjika mtulinga. Dereva hakusimama, na huenda hakujua. Morogoro ndiyo njia panda: magari ya Dodoma, ya Iringa, ya Zambia na Kongo, yote yanapita hapa. Sisi na baiskeli zetu tunaishi kwenye sentimita chache zilizobaki.

Wiki sita alikaa nyumbani na mkono shingoni. Kikao kikaamua kwamba msafara wa baiskeli, popote ulikokwenda, umalizikie kwake, na hata Jumamosi za mlima tuteremkie hapo. Tulikunywa chai barazani kwake kila Jumamosi ya safari. Mkewe anasema mfupa uliunga ila sukari ya ndani iliisha mara mbili. Huyo mwenzetu leo asubuhi ameendesha mpaka Mindu na kurudi. Baada ya ajali ile hatutoki bila helmeti na vizibao vya reflekta, tunakwenda mstari mmoja, na jua likizama hakuna baiskeli yetu barabara kuu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, fedha hatujaja kuomba. Kila mwanachama anachanga shilingi 5,000 kwa mwezi, na mfuko unatosha kwa tyubu, viraka na ile chai. Tunachoomba ni sauti yako, kwa kuwa unaingia kwenye vikao ambavyo sisi hatuingii. Huko wakizungumzia barabara, tunaomba uwakumbushe ule ukingo wa lami ujazwe, na pembeni ichorwe njia ya baiskeli hata kama ni nyembamba. Anayeihitaji zaidi si sisi wa Jumamosi. Ni muuza mkaa, muuza maziwa na mtoto wa shule, wanaopita hapo siku zote bila helmeti wala mkia. Tunaomba pia sokoni pawe na mahali pa kufungia baiskeli penye mlinzi. Wanachama wetu watatu wameibiwa wakinunua nyanya, na mmoja aliachiwa pampu tu.

Ombi la mwisho linakuhusu mwenyewe. Tumeona umekuja na gari, na kwa kazi zako hatushangai. Ila tulipokuwa tunaandaa risala hii, Mzee wa kikaratasi alisimama akauliza swali ambalo kikao kizima kilinyamaza: "Na yeye daktari, nani anamgongea dirisha?"

Jumamosi ya tarehe 17 ni zamu ya Mindu. Baiskeli yako ipo pale chini ya mwembe, ya bluu, tandiko tumeshalishusha, na breki Mama Mkia amezikagua mwenyewe. Atakuwa nyuma yako mwendo wote. Saa kumi na mbili kasorobo, Msamvu.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanachama.
Imesomwa na Katibu wa Kikundi.