Watoto wa chekechea waanze na mita ya stima, kishikwambi kingoje

Mhariri,

Ukimuuliza mzazi wa hapa Lamu kama mwanawe anafunzwa teknolojia, atakujibu kuhusu kishikwambi: shule wanacho au hawana. Tangu serikali kuu ianze kugawa vifaa hivyo kwa darasa la kwanza mwaka 2016, tumejiaminisha kwamba teknolojia ni kioo cha kuguswa kwa kidole. Mazingira nayo ni kupanda mche siku ya wageni na kuimba wimbo wa kuokota taka. Nishati ndiyo haina pake kabisa.

Nimefunza chekechea miaka mingi. Siku moja niliwauliza watoto stima hutoka wapi, na mmoja akanijibu bila kusita, "Hutoka kwa simu ya mama." Wenzake wakaafiki. Na ukifikiri, ndivyo wanavyoona: mama hununua tokeni kwa simu, akabonyeza namba, nyumba ikawaka.

Basi tuanzie hapo hapo. Mita nyingi za tokeni zina kitaa kidogo chekundu kinachomweka, yaani kuwaka na kuzima, kila kiasi fulani cha stima kinapopita. Zima kila kitu, uache taa moja tu ya LED, na mtoto atachoka kukingoja kimweke. Kisha chomeka pasi. Kitaa kinaanza kumweka kila baada ya sekunde chache, na ukiongeza birika la stima kinakwenda mbio zaidi. Mtoto wa miaka mitano hahitaji kujua kuhesabu ili aone kwamba pasi ni mlafi na taa si mlafi. Ndugu zake wakubwa wanaweza kupiga hesabu: uniti moja huisha kwa kama saa moja ya kupiga pasi, na uniti hiyo hiyo huwasha taa ya wati 10 kwa saa 100, au huchaji simu kama mara arobaini. Nimeona nyumba ambako mtoto hugombezwa kila jioni kwa kuchaji simu, huku birika likichemshwa limejaa pomoni kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai.

Swali la stima inatoka wapi lina jibu zuri kwa watoto wa pwani hii. Mpaka katikati ya muongo uliopita mji wetu uliendeshwa na jenereta za dizeli. Kisha nyaya za gridi ya taifa zikafika kutoka Rabai, kupitia Malindi na Garsen. Leo taa ya mtaa wetu wa Langoni inaweza kuwa inawaka kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, kwa upepo wa Turkana, au kwa maji ya Mto Tana, mto ule ule unaomwagikia baharini karibu na Kipini, ambao kabla ya kutufikia huzungusha mitambo ya Masinga na Kiambere. Wenzetu wa Malindi wana bahati zaidi: kule Langobaya kuna shamba la paneli za sola la megawati 40, yaani wati milioni 40, lililokamilika mwishoni mwa 2021. Mwalimu wa Malindi anayewapeleka watoto ufuoni kila muhula na hajawapeleka Langobaya hata mara moja ananishangaza.

Sisi wakubwa mambo haya tulijifunza kwa shari. Miaka kadhaa tulivutana juu ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, huku huku Lamu, hadi baraza la rufaa za mazingira lilipofuta leseni yake Juni 2019, likisema miongoni mwa mengine kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwenye vikao nilivyohudhuria watu waliuliza kuhusu ajira, fidia na samaki. Megawati waliwaachia wataalamu. Huwezi kushirikishwa katika jambo usiloweza hata kuliulizia.

Sipingi vishikwambi, vina kazi yake huko mbele. Lakini Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Watoto wetu wengi saa hiyo wameshaimaliza nyumbani kwa katuni. (Na tukiwa hapo, wazazi, zile betri bapa ndogo kama kifungo za rimoti na vidude vya kuchezea zisiachwe ovyo. Mtoto akimeza moja, huweza kumchoma koo la chakula ndani ya saa mbili.)

Ninachotaka mimi ni kitu watoto wakifanye kwa mikono. Chukua paneli ndogo ya sola, uifunge nyaya kwenye mota yenye kipande cha plastiki kama panka, utoke nao uani saa nne asubuhi. Panka linazunguka. Mtoto anafunika paneli kwa kiganja, linasimama. Anaondoa, linazunguka. Watagombania zamu mpaka kengele ilie. Siku ya pili waingize kwenye nyumba ya kale ya mtaa wa Mkomani, washike ukuta mnene wa matumbawe saa saba mchana, kisha washike ukuta wa nyumba mpya ya matofali ya simiti iliyoezekwa mabati. Hiyo nayo ni teknolojia, na feni haikuhitajika.

Chekechea ziko chini ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kwa hiyo hatuna haja ya kungoja Nairobi. Wala sidai bajeti kubwa. Taa za sola zinazotupwa hapa mjini mara nyingi zimekufa betri tu, paneli bado nzima, na redio kuukuu za kaseti zina mota ndani. Mafundi wa simu na redio tunao. Kaunti ikusanye vyombo hivyo, iwalipe mafundi ujira wa siku chache, na kila chekechea kuanzia Faza hadi Mpeketoni ipewe paneli yake na panka lake kabla ya muhula ujao.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu