Wamuache Jean Grey apumzike

Ndugu Mhariri,

Nikusalimie kwanza wewe na wote wanaofanya kazi hapo ku gazeti. Naandika juu ya barua ya msomaji mmoja mliyoitoa, yule aliyesema vijana wa siku hizi wanapoteza saa nzima wanabishana juu ya bede za masupahero, ni vile vitabu vya hadithi za picha, tena hadithi zenyewe hazina kichwa wala mkia, mtu anakufa leo kesho anatembea, akamalizia kusema walioziandika hawajui kuandika. Hapo njo nilishindwa kunyamaza. Hadithi zimevurugika kweli, hilo sikatai. Lakini waandishi wanajua kazi yao sana, waliozivuruga ni wale wa biro ya juu wanaohesabu makuta, na vijana wakibishana ni juu wanatafuta pale uzi ulipokatika. Mimi naona hiyo ni akili.

Mimi nashonaka nguo hapa Kamalondo, Lubumbashi. Meza yangu ya kukatia vitambaa ni kubwa, basi Jumapili mchana kama hakuna kazi ya harusi vijana wanakuja kuizunguka, wengine wanatoka Kenya, komini ya hapa kwetu si ile nchi, wengine Katuba, kuna mmoja anatokaka mpaka Ruashi kwa miguu akikosa franka za taksi. Wanaleta simu zao. Mimi natoa sanduku la bati la yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, marehemu, aliyefanya kazi ku reli na kila akipata mshahara alikuwa anapita kwa wauzaji wa vitabu vya zamani kununua vile vya Lug, wachapishaji wa Lyon kule Ufaransa, Blek, Zembla, halafu Strange iliyoanza 1970. Wenye umri wangu watakumbuka, Spider-Man tulimjua kwa jina la Araignée na Wolverine wao walimuita Serval. Numero zilikuwa zinatufikia zimechelewa miaka, nyingine hazifiki kabisa, unasoma mwanzo wa vita na mwisho unautafuta miezi mingi, ukiukuta kwa jirani ni siku kuu.

Yaya njo alinisomea kifo cha Jean Grey, mwanamke mmoja wa X-Men, kundi la masupahero wanaozaliwa na nguvu zao. Kule Marekani kilitoka 1980 ku numero 137 ya X-Men, sisi tulikipata nyuma sana kwa Kifaransa. Jean alikuwa ameingiwa na nguvu ya Phoenix, ikamshinda, akameza nyota, na sayari iliyokuwa inaota jua la nyota ile ikafa na watu wake bilioni 5. Mwishoni akaona hawezi tena kujizuia, akajitoa uhai kule mwezini mbele ya Scott mpenzi wake. Yaya alikuwa ananitafsiria ku Kiswahili polepole, alipofika pale akanyamaza, akageuza ukurasa, akarudi tena ule wa nyuma, nikamuuliza vipi, akasema ngoja kidogo. Chris Claremont na John Byrne, waliotengeneza hadithi ile, walikuwa wamepanga Jean anyang'anywe nguvu tu abaki hai, lakini mkubwa wao Jim Shooter akakataa, akaona aliyeangamiza dunia nzima ya watu hawezi kurudi nyumbani kama hakuna kilichotokea. Hapo mkubwa alikuwa na haki na nasema wazi, juu kama si yeye yaya asingenyamaza vile. Yaya alifariki bila kujua kingine. Alienda akijua Jean amekufa.

Kumbe 1986 wakamrudisha. Na sababu ilikuwa nini? Walitaka kuanzisha bede mpya, X-Factor, yenye wale wanafunzi 5 wa kwanza wa X-Men wa 1963, ili waliowapenda zamani watoe tena feza, na bila Jean walikuwa 4 tu. Basi wakasema yule aliyekufa mwezini hakuwa Jean, ilikuwa ni Phoenix imevaa sura yake, Jean mwenyewe yupo amelala ndani ya kifukofuko chini ya maji ya Jamaica Bay, New York. Na msomaji wenu asikilize hapa vizuri, wazo hilo lilitoka kwa mshabiki, Kurt Busiek, alilifikiria alipokuwa bado anasoma, kabla hajajulikana kama mwandishi, likapita mdomo kwa mdomo mpaka likafika kwa wenyewe. Kwa hiyo mabishano ya vijana yanaweza kutoka mezani yakaingia mpaka ku kitabu chenyewe.

Lakini angalia kilichofuata. Scott alikuwa ameshaoa mwanamke mwingine, Madelyne Pryor, 1983, na wamezaa mtoto wa kiume. Jean akarudi, Scott akaacha mke na mtoto mchanga akamfuata. Shujaa huyo! Hapa kwetu wazee wa pande mbili wangekaa. Kufunika aibu ile wakaandika kwamba Madelyne alikuwa nakala ya Jean iliyotengenezwa na mtu mbaya anaitwa Mister Sinister, wakamgeuza malkia wa mashetani, 1989 akafa, yaani mama aliyeachwa na bwana ndiye aliyebebeshwa lawama yote. Mtoto akapelekwa miaka ya mbele sana kupata dawa, akarudi ni mzee wa mvi aitwaye Cable, umri wake umempita baba yake. Cable naye ana nakala yake, Stryfe. Tena kuna Rachel, binti wa Scott na Jean, ametoka ku wakati ujao ambao haukufika. Jumapili moja tulikaa tangu saa nane mpaka giza juu ya swali moja tu, Cable amuite Jean nani? Mmoja akasema mama wa kambo, mwingine akasema hapana, nakala ni kama pacha, basi Jean ni ndugu wa mama yake. Msichana mmoja wa miaka 17, yeye huwa haongei sana, akasema ni mama mkubwa, juu Jean alitangulia kuzaliwa. Wote wakakubali. Mimi bado nafurahi nikikumbuka, juu wale wakubwa wa Marekani walivuruga jamaa nzima na huyu mtoto akaipanga kwa desturi yetu kwa sentensi moja.

Sasa biashara yenyewe. Wengi hawajui kwamba kule Marekani maduka ya bede yanaagiza miezi kabla, na yasichouza kwa kawaida hawawezi kukirudisha. Kwa hiyo mchapishaji akishamuuzia mwenye duka, yeye kazi yake imeisha, hata kama vitabu vitakaa ku kona vikaliwa na panya. Na mwenye duka anaagiza vingi zaidi kitu gani? Numero 1, kifo, harusi, na jalada la pekee. Mengine yote yanatoka hapo. Kuna majalada ambayo duka linapata 1 tu likiagiza vitabu 25 vya kawaida. 1991 X-Men ilianzishwa tena toka numero 1 ikiwa na majalada 5, zikauzwa zaidi ya nakala milioni 8, na hadi leo hakuna numero moja ya bede ya Marekani iliyoifikia, lakini usidhani walikuwa wasomaji milioni 8, mtu mmoja alinunua matano yote, wengine wakaweka chini ya kitanda wakingoja yapande bei kama almasi. Claremont, aliyewabeba X-Men tangu 1975, aliandika numero 3 za mwanzo za bede hiyo akaondoka juu ya kutokuelewana na biro. Miaka 16! Hiyo inaniuma kuliko yote.

Superman ni hivyohivyo. Waandishi walipanga amuoe Lois Lane, mpenzi wake, lakini televisheni ilikuwa inatengeneza filme ya wawili hao, harusi ikaahirishwa ili bede na televisheni zisipishane, na wao wakabaki bila hadithi kubwa ya mwaka. Basi wakamuua. Novemba 1992, numero 75, imefungwa ndani ya mfuko mweusi na kitambaa cheusi cha kuvaa mkononi kama cha matanga, zaidi ya nakala milioni 6. Watu walivaa kile kitambaa kweli. 1993 alikuwa amerudi. Na Shangazi May wa Spider-Man, aliyefariki kitandani 1995 kwa namna nzuri sana, miaka 3 baadaye wakasema alikuwa mwigizaji aliyelipwa na adui. Mwigizaji! Yaani kilio cha msomaji walikifanya mchezo. Ile hadithi ya Spider-Man na watu waliotengenezwa kuwa nakala yake, iliyoanza 1994, ilipangwa kuwa fupi, ikauzika, ikavutwa mpaka mwisho wa 1996 hata waandishi wenyewe hawakujua tena nani ni nani, na Desemba 1996 Marvel, kampuni ya Spider-Man na X-Men, ikaenda tribinali kutangaza imefilisika. Majalada ya kung'aa hayakuwaokoa. Maduka mengi yalikuwa yameshafunga.

Kijana mmoja wa kwangu hapa huwa ananipinga, anasema, mama, wasomaji wenyewe njo wanataka hivyo. Anatoa mfano wa Jason Todd, Robin wa pili, yule kijana msaidizi wa Batman, ambaye 1988 walimwachia msomaji apige simu kwa senti 50 aseme afe au apone, 5,343 wakasema afe, 5,271 wakasema apone, tofauti 72. Ni kweli wasomaji walimuua. Lakini mimi namuuliza, nani alitoa namba ya simu? Na kama kura ni kura mbona 2005 wakamrudisha bila kuuliza mtu, tena sababu waliyotoa ni kwamba kuna kijana mwenye nguvu kama Superman alipiga ngumi ukuta wa ulimwengu, ukatikisika, Jason akaamka ndani ya kaburi? Hapo hata yeye ananyamaza.

Anasema tena ni biashara tu. Mimi nafanya biashara, najua. Nikimwambia mteja hiki kitambaa ni cha mwisho, hakuna mwingine atakayevaa kama wewe, akanilipa bei ya hicho, halafu wiki inayofuata natundika kumi mlangoni, hiyo siwezi kuiita biashara, nimemdanganya. Kuuza si kosa. Kosa ni kuuza mwisho ambao unajua si mwisho.

Nisionekane napinga kila anayerudi. Bucky, rafiki wa Captain America, alikaa amekufa miaka mingi sana, 2005 Ed Brubaker akamrudisha akiwa muuaji aliyefutwa akili na Warusi, na kurudi kwake kulileta maumivu mapya, hakukufuta ya zamani. Hiyo tulisoma yote mara mbili. Lakini 2007 walipotaka Spider-Man awe kijana bila mke tena, wakaogopa kumpa talaka, wakamfanya auze ndoa yake kwa shetani, na ndoa ya miaka 20 ya kusoma ikafutwa kama chaki. Na DC, kampuni ya Superman na Batman, 2011 ikaanza bede zake 52 zote toka numero 1, hata Action Comics iliyokuwa imefika 904, halafu 2016 wakaona wamepoteza heshima ya namba kubwa, wakahesabu tena wakaita inayofuata 957. Mtoto wangu wa mwisho aliniuliza kama kule Marekani hawajui kuhesabu.

Mzizi wa yote ni nani mwenye hadithi. Jerry Siegel na Joe Shuster, waliomwumba Superman, 1938 waliiachia kampuni haki zote kwa dola 130. Tangu pale mwenye hadithi ni kampuni, na kampuni haizeeki wala haichoki, haina sababu ya kusema basi. Vijana wengi wa meza yangu wamehamia bede za Kijapani juu ya hiyo, Naruto ilianza 1999, mchoraji mmoja akaibeba sura 700, 2014 akaimaliza mwenyewe. Hata kama baadaye walileta ya mtoto wa Naruto, ile ya baba ilifika mwisho na huwezi kuinyang'anya.

Ndugu Mhariri, ndiyo maana nakuomba kitu. Meza yangu ina wachoraji 3, mmoja mkono wake ni mzuri kweli, anachora Lubumbashi hii hii, reli, mnara wa Gécamines, mama muuza mikate. Wamechora hadithi ya kurasa 24 kwa Kiswahili, ina mwanzo, ina mwisho, na yule anayekufa ku ukurasa wa 19 amekufa. Mtupe nusu ukurasa kila wiki, itawatosha wiki 48. Haki ya hadithi ibaki kwa waliochora, hilo tu njo sharti letu, na nimeshawaambia wasisaini karatasi yoyote bila mimi kuisoma. Mkikubali mtume mtu Jumapili saa nane, sanduku la yaya litakuwa wazi.

Mama mshonaji,
Kamalondo, Lubumbashi