Mdogo wangu, usiizime tena Lü Xiucai anapofungua kinywa

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu. Anauliza mbona umekuwa adimu hivyo. Mimi siulizi, sababu naijua.

Ulisema mbele ya mashemeji kwamba dada yako siku hizi anatazama upuuzi, Wachina waliovaa majoho wanapiga domo usiku kucha na panga ziko alani. Ulisema hadharani, nami nakujibu hadharani. Kusema si kosa, nyumba yetu ni ya kusema. Kosa ni kwamba uliizima tamthilia yangu ya Kichina, Wulin Waizhuan, palepale karani Lü Xiucai alipomsogelea muuaji Ji Wuming. Hilo sijalisahau, na kulisamehe bado.

Tuanze na unachokijua nusu nusu. Wulin Waizhuan, au My Own Swordsman kwa jina lake la Kiingereza, ilianza kuonyeshwa CCTV-8, chaneli ya televisheni ya taifa ya China, tarehe 2 Januari 2006, vipindi 80. Ning Caishen aliandika, Shang Jing akaongoza. Ni China ya kale, enzi ya ukoo wa kifalme wa Ming, katika mji mdogo wa Qixia, na karibu kila kitu kinatokea kwenye ukumbi mmoja wa nyumba ya wageni iitwayo Tongfu: meza, ngazi, kaunta na mlango wa jikoni. Ulilalamika kwamba hawatoki humo. Hawatoki kwa sababu kila mmoja amekwama. Mwenye nyumba, Tong Xiangyu, alitoka Hanzhong kwenda kuolewa na kiongozi wa kundi la upanga la Hengshan, akakuta bwana harusi keshafariki, akabaki mjane mwenye wifi wa kulea. Guo Furong, binti wa bingwa mkubwa, alivunja samani akaishia kuzilipa kwa kufagia. Bai Zhantang alikuwa mwizi mashuhuri, sasa anabeba sahani akijificha. Lü ndiye aliyeuza nyumba hiyo, babu yake aliwahi kuwa mkuu wa jimbo. Leo anashika vitabu vya hesabu mahali palipokuwa kwao. Mshahara ni qian 2 za fedha (qian ni kipimo kidogo cha uzito) kwa mwezi, na mama mwenye nyumba hakosi sababu ya kuukata.

Ukishaelewa nani kakwama wapi, vichekesho vinajileta vyenyewe. Huoni mtu anateleza kwenye ganda la ndizi ili ucheke. Unamcheka mjane anayelia kwamba asingekubali kuolewa huku mumewe asingekufa, na mumewe asingekufa yeye asingefika hapa, anafungamanisha balaa zake hivyo mpaka pumzi inakatika. Unamcheka askari Yan Xiaoliu, ambaye kabla ya kuchomoa upanga huwausia watu wamtunzie mjomba wa saba wa mama yake. Mzaha mmoja unarudi mara nyingi, na kila unaporudi mazingira yamebadilika. Hiyo ni kazi ya mwandishi, si ya mchekeshaji.

Sasa pale ulipozima. Ji Wuming ni muuaji, tena mwenzake Bai wa zamani. Bai ana ufundi wa kumgusa mtu kwa vidole viwili akaganda aliposimama, lakini siku hiyo haukumfaa kitu. Anayejitokeza ni Lü, asiyejua kurusha hata ngumi moja. Anamuuliza: wewe ni nani? Yule anataja jina. Lü anamwambia hilo ni jina tu, hata mimi naweza kuitwa hivyo. Liondoe, halafu niambie wewe ni nani. Anamsogeza hivyo hatua kwa hatua, maswali yanazidi kuwa mafupi na majibu yanazidi kupungua, hadi wanafika kwenye nani anayeua na nani anayeuawa. Muuaji anachanganyikiwa, anajipiga kwa mkono wake mwenyewe, anaanguka.

Ukasema mtu hauawi kwa maneno. Mdogo wangu, wewe! Vipindi vyote vya nyuma vilikuwa vinamwonyesha Lü akichosha watu kwa maneno. Wanamkatiza, wanamtoroka, wanaziba masikio. Hata wewe ulimchoka, ndivyo mwandishi alivyotaka. Halafu udhaifu uleule unageuka silaha pekee iliyobaki ndani ya nyumba. Hadithi za mabingwa wa upanga, zile za kina mwandishi Jin Yong ambazo Wachina wamekua nazo, zinaamuliwa na mwenye mkono mzito; hapa zinaamuliwa na karani. Na haiishii hapo: watu wanaanza kumwita shujaa mkuu wa Guanzhong, sifa asiyoweza kuilinda hata dakika moja mtu akimletea rungu. Ulibakiza dakika chache tu uyaone hayo.

Siifichi mabovu yake, usije ukasema dada kapofuka. Mapigano ni dhaifu kweli. Guo Furong anasukuma mikono mbele, upepo unavuma, kitu kinavunjika, basi. Anayetafuta kungfu safi atafute kwingine. Dhihaka za matangazo ya biashara na mashindano ya televisheni ya China ya miaka ile zimechakaa, mtu wa nje hajui hata kinachodhihakiwa. Msichana Zhu Wushuang anapoingia na ule msemo wake wa "niachieni mimi", mvutano wake na Guo Furong kwa ajili ya Lü unavutwa kupita kiasi. Ndoa ya Tong na Bai nayo inasogezwa mbele kila ikikaribia, na sababu nyingine ni za kulazimisha. Vipo pia vipindi vinavyofunga kwa mahubiri, mhusika anasimama kutufundisha tulichokwisha kukiona.

Ila kubwa zaidi ni lafudhi. Yan Ni anamcheza Tong kwa Kichina cha mkoa wa Shaanxi, mpishi Li Dazui anaongea cha Kaskazini-Mashariki, na nusu ya kicheko imo humo. Maandishi ya tafsiri chini ya kioo yanawafanya wote waongee kama mtangazaji wa habari. Ndiyo maana ile tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake iliyoonyeshwa TBC mwaka 2011 ilikukamata: uliisikia kwa sauti za Kiswahili. Hii unaisoma, na anayesoma akichelewa nukta moja kicheko kimempita.

Kwa hiyo fanya hivi. Usiitazame huku unapika. Tazama viwili kwa mpigo, kwa sababu visa vingi havimaliziki ndani ya kimoja. Mzaha wa tangazo ukikupita, usirudishe nyuma, songa. Usiruke vya mwanzo hata kama Guo Furong anapiga kelele, kwani bila hivyo Ji Wuming atakukuta mtupu kama alivyokukuta. Na usianzie filamu ya mwaka 2011. Waigizaji ni walewale, lakini inahusu bei za nyumba na inakuchukulia kama mtu anayewajua tayari.

Utasema nakupangia maisha. Nani mwingine akupangie? Nilikuambia usubiri hadi mwisho wa kipindi, sikukuambia usubiri mwaka. Kukushika mkono usiguse rimoti haikuwa dharau mbele ya mumeo, ilikuwa haki yangu kama niliyekaribisha, na ningeshika tena. Mtu akikuletea sahani huisukumi kando kabla hujaonja, hata Mama alilisema hilo, ila wewe ulimsikia nusu.

Shemeji, najua unasoma: muulize mkeo alicheka mara ngapi kabla ya kuzima. Atakana. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake.

Diski zako ziko kabatini kwa Mama, rafu ya juu. Anza na vya mwanzo, kisha umalizie kile ulichokizima. Ukimaliza hicho ukaona bado ni upuuzi, nipigie uniambie kwa nini, na nitakusikiliza hadi mwisho. Ila usiniambie habari ya mapanga.

Dada yako