Choo cha kijani mnakiogopa, cheupe mnakiacha: barua kwa wanangu wenye vichanga

Wanangu kina mama, na nyie kina baba ambao siku hizi nawaona mnabadilisha pampasi bila aibu, hongereni sana,

Bibi yenu sijambo, ila simu yangu imejaa. Imejaa picha za pampasi, zingine zimepigwa kwa flashi kabisa, zingine mmezungushia duara jekundu eti nisipitiwe. Sigombi jamani, nimekuwa nesi wa watoto zaidi ya miaka 30 na kustaafu hakujanitoa hamu ya kuangalia choo cha mtoto, lakini juzi picha imeingia niko mezani na kijiko kiko njiani kwenda mdomoni, nikasema basi, hii barua naiandika leo.

Kilichonisukuma hasa sio kile kijiko. Wiki hiyohiyo mama mmoja tulikuwa tunachati mambo mengine kabisa, akapitisha tu, bibi mtoto hajambo, choo chake kisafi cheupe kama maziwa anayonyonya, ila macho ndo bado yana umanjano kidogo, ana wiki 5 sasa naendelea kumwanika jua asubuhi. Nilisimama. Nikampigia, nikamwambia funga mtoto uende hospitali sasa hivi, sio kesho, ukifika sema choo cheupe, lirudie hilo neno mpaka wakupe kitanda. Walimtoa damu kupima bilirubini, ile rangi ya njano ya kwenye damu, na sasa yuko mikononi mwa wataalamu.

Mnaona? Kati ya picha zote mlizonitumia huku mnalia usiku wa manane, karibu zote ni za kijani, na huyu mwenye jambo lenyewe hata picha hakutuma, aliona ni usafi.

Rangi ya choo inatoka kwenye nyongo. Nyongo inatengenezwa na ini, inashuka kwenye vijirija vyake mpaka kwenye utumbo, ndio inayopaka choo rangi. Sasa vile vijirija vikiziba choo kinapauka, kinakuwa kama chaki au udongo wa mfinyanzi, na ile rangi iliyokosa njia inabaki kwenye damu, macho yanakuwa manjano na mkojo unakolea kama chai, wakati mkojo wa kichanga kwa kawaida ni kama maji tu hauachi hata alama. Kuna operesheni ya hilo tatizo, ilianzishwa na daktari wa Japani anaitwa Morio Kasai miaka ya 1950, na inaleta matumaini makubwa zaidi ikifanyika kabla mtoto hajafikisha siku 60 hivi. Siku 60 wanangu, sio miezi. Ndo maana umanjano ukivuka wiki 2 usimalizane nao kwa jua, mtoto apimwe. Kule Taiwan tangu 2004 kadi ya rangi za choo imo ndani ya kitabu cha kliniki cha kila mtoto, mama analinganisha mwenyewe nyumbani. Mimi nikikumbuka kina mama niliowaona wamefika na watoto wa miezi 4 nasema kile kikaratasi kingetuokolea wengi.

Sasa hicho kijani chenu. Choo cha kwanza kabisa ni cheusi kinanata kama lami, kinatakiwa kitoke ndani ya saa 24, zikifika 48 hakijatoka hiyo ni ishu ya daktari. Siku ya 3 kinaanza kugeuka kijani kijani, ya 5 hivi ukimnyonyesha kinakuwa njano chepesi chenye vipunje kama mbegu, vile ni maziwa tu usivihesabu. Wa maziwa ya kopo choo chake kizito zaidi, na madini ya chuma ya kwenye kopo yanaweza kukifanya kijani kizito. Tena nyongo yenyewe ni ya kijani, choo kikipita haraka tumboni kinatoka hivyohivyo kabla hakijabadilika. Mtoto ananyonya vizuri, anaongezeka uzito, anachangamka, basi funga pampasi ulale.

Kijani cha kukimbia nacho ni cha juu. Kichanga akitapika kijani, kijani kile cha majani, usisubiri kuche, inawezekana utumbo umejisokota na dakika zinahesabika. Kucheua maziwa baada ya kunyonya ni kawaida, mashuka yatafuliwa. Lakini wa wiki 3 mpaka 8 hivi anayetapika kwa kurusha mbali kila akinyonya kisha anataka tena maziwa, huyo naye aonwe haraka.

Damu nisiwadanganye, hata mimi ilinitoa akili. Mwanangu wa kwanza ana wiki 3 nikakuta vidoti vyeusi na uzi wa damu kwenye nepi, nesi mzima na sare yangu nimeitundika mlangoni, nikatoka na viatu tofauti, kulia kiatu changu kushoto cha baba yake. Daktari mzee akaangalia nepi, akamwangalia mtoto, halafu akaniambia mama fungua blauzi. Chuchu ilikuwa imepasuka, damu ilikuwa yangu, mtoto kaimeza tu. Nilirudi nyumbani nachechemea kwa aibu na kwa kile kiatu. Ila hata hivyo damu ionwe na daktari, maana wengine ni mpasuko wa njia ya haja, wengine mwili umekataa protini ya maziwa ya ng'ombe. Na wa miezi 5 mpaka 9 hivi mchungeni zaidi, analia ghafla kwa kipindi, anakunja miguu tumboni, ananyamaza kalegea kama nguo, kisha tena. Hapo utumbo umeingia ndani ya utumbo mwenzake. Ile damu kama jeli nyekundu inakuja mwishoni, ukiisubiri umechelewa.

Siku bila choo nazo mnaniua nazo. Akivuka wiki 6 na ananyonya maziwa ya mama tu, anaweza kukaa hata siku 7, tumbo laini, upepo unatoka, kikija kinakuja laini na kinajaa mpaka mgongoni. Mwacheni, msimchokoe na vitu. Yule anayejikamua dakika 10 kawa mwekundu kama nyanya kisha anatoa choo laini hajafunga choo, anajifunza tu kusukuma na kulegeza kwa wakati mmoja.

Kuharisha ndiko nisikotania. Hesabu pampasi za mkojo, zikipungua chini ya 6 kwa siku, utosi ukibonyea, mdomo ukikauka, hamna machozi, ondoka. Ziwa lisikatwe, ORS ichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi, zinki siku 10 mpaka 14 kwa kipimo atakachoandikiwa. Dawa za kuzuia kuhara za watu wazima hapana, asali kabla ya mwaka hapana. Na wa chini ya miezi 3 akifika joto la nyuzi 38 hamna kusubiri.

Ya mwisho ni picha zenyewe. Taa za ndani zinadanganya, choo cheupe chini ya balbu ya njano kinaonekana cha njano, kwa hiyo pigeni dirishani mchana, na mkienda hospitali bebeni pampasi yenyewe kwenye mfuko msione haya. Cheupe nipigie hata saa 9 usiku nitaamka. Cha kijani nisubirini nimalize kula.

Bibi yenu