Harambee ya Tiba ya Usemi kwa Watoto Wetu wa Amu

Assalaam alaykum, wazazi wenzetu na majirani.

Mtoto akikawia kusema, wengi hukimbilia kumtazama ulimi, na wengine hufikiria kumkata kimeo. Kimeo hakihusiki kabisa. Kinachotangulia kupimwa ni masikio: sikio linalotoka usaha kila mara hupunguza usikivu, na neno lisilosikika sawasawa halitamkiki sawasawa. Akifika mwaka 1, mtoto huitika jina lake na kuonyesha kitu kwa kidole. Akifika miaka 2 huunga maneno mawili, "mama maji". Yasipotokea hayo, msingoje. Ila wa miaka 3 asemaye "lafiki" mwacheni, "r" huwachelewa wengi. Wala lugha mbili nyumbani hazimcheleweshi mtoto.

Mtaalamu wa tiba ya usemi hana dawa ya kunywesha. Huketi mkekani na mama, uso kwa uso na mtoto, akamfunza: shika embe na ndizi, uliza "Wataka embe au ndizi?", kisha nyamaza, uhesabu moyoni hadi kumi. Hapo ndipo wengi huharibu. Mtoto hajafungua kinywa, ashaulizwa tena au ashapewa. Akitoa hata "e", mpe embe, useme "embe tamu", usimlazimishe kukariri. Asiyetoa sauti hukabidhi kadi yenye picha ya anachotaka. Kadi haimzuii kusema. Humpunguzia kulia na kung'ata wenzake.

Dakika 10 za kila siku nyumbani zina kazi kuliko saa moja ya mtaalamu kwa mwezi. Kwa hivyo, mzazi asiyeketi kwenye mafunzo, nafasi ya mtoto wake tutampa mwingine.

Tunaomba shilingi 180,000 za mwaka wa shule. Ziara 9 za mtaalamu kutoka Mombasa, kwa 14,000 kila moja, basi hadi Mokowe, boti na malazi humo humo, ni 126,000. Nauli za kupeleka watoto kupimwa masikio, 36,000. Kadi za picha 18,000, zote zipigwe laminesheni, maana mate na hewa ya bahari huzimaliza upesi za karatasi tupu. Mwenye boti aweza kutoa safari za Mokowe badala ya pesa. Seremala, viti vifupi 6.

Tukutane Jumamosi hii baada ya sala ya Alasiri, uwanjani mwa shule. Asiyeweza kufika amkabidhi mweka hazina mchango wake, na asiondoke bila risiti.