Jumamosi tunaanza na Codd

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi saa nne asubuhi tunaanza kusoma makala za zamani za Communications of the ACM, jarida la wanachama wa ACM, chama cha wataalamu wa kompyuta kilichoanzishwa Marekani mwaka 1947. Jarida linatoka tangu 1958, na makala za miaka hiyo ziko wazi mtandaoni, hulipi hata senti.

Ya kwanza ni ya Edgar Codd, mtafiti wa IBM, Juni 1970, kurasa 11 tu. Humo alipendekeza data ipangwe kwa majedwali, ili mtu aulize anachotaka bila kujua kimehifadhiwaje ndani ya mashine. Kila mnapoandika SELECT kazini, ile amri ya SQL ya kuuliza hifadhidata, mnatumia wazo hilo. Nawaomba sana msiishie kwenye muhtasari wa mtu mwingine. Shikeni kalamu, lichoreni lile jedwali lake la mwanzo: msambazaji, kipuri, mradi, idadi. Mkono ukichora, hesabu zinazofuata zinaeleweka.

Wiki inayofuata ni barua ya Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta, dhidi ya goto (amri ya kuirusha programu kwenda sehemu nyingine), Machi 1968. Fupi, lakini nzito. Nani atatuongoza? Atakayekwama popote aandike hapa hapa, tusaidiane kabla ya Jumamosi.