Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na habari za kisima na taa za barabarani mtazipata kwa katibu. Mimi nina jambo moja tu, lile lililoninyima usingizi mwaka huu: namna tunavyochaguana.

Nianze kwa kukiri. Miaka minne iliyopita niliingia kwenye kiti hiki kwa orodha. Mnaikumbuka: karatasi moja iliyopigwa chapa, majina saba kwa nafasi saba, ikasomwa wakati pilau imeshaanza kunukia nyuma ya ukumbi. Mwenyekiti wa wakati huo akauliza, "Mnasemaje?" Mkajibu, "Tumekubali." Hakuna aliyeiba kura, kwa sababu hapakuwa na kura ya kuiba. Orodha ile iliandikwa na kamati iliyokuwa ikitoka, na matano kati ya majina saba yalikuwa yao wenyewe. Sikuuliza, maana langu lilikuwamo. Miaka miwili baadaye nikarudi kwa orodha nyingine.

Ndiyo maana tulipokaa kurekebisha katiba ya chama, sanduku la kura lilisubiri. Tulianza na mapendekezo ya wagombea. Kamati ya uteuzi sasa ni ya watu watatu wanaochaguliwa na mkutano mkuu, si na kamati tendaji, na anayekaa humo hagombei mwaka huo. Haina ruhusa ya kumpima mtu kwa sura wala ukoo. Inatazama kama ada imelipwa, na kama fomu ina sahihi ya anayependekeza na anayeunga mkono. Basi. Fomu hutolewa siku 21 kabla ya mkutano, na siku hiyo hiyo sajili ya wanachama inabandikwa ubaoni.

Kwenye sajili ndiko tulikogombana. Baadhi yenu mlitaka kila anayelipa mlangoni apige kura. Nilipinga na bado napinga. Aliyelipiwa ada mlangoni na mgombea amekuja kurudisha fadhila. Hatimaye tulikubaliana kwamba anayepiga kura ni yule aliyekuwa hana deni siku sajili ilipobandikwa.

Wazee wetu watatu walipendekeza mlolongo: kila mtu asimame nyuma ya mtu wake, tuonane macho. Nawaheshimu, lakini mimi 1988 nilikuwa kijana na nakumbuka mchujo wa wagombea wa KANU, chama kilichotawala Kenya wakati huo. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 kwenye foleni alipita bila kupingwa, na mahali pengi mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa mrefu mchana kweupe. Watu wakishatawanyika, utahesabu nini tena? KANU yenyewe iliuacha mtindo huo. Na hapa kwetu kuna la zaidi. Mwenye duka akigombea, nani atasimama nyuma ya mpinzani wake hali kitabu cha madeni kiko juu ya kaunta?

Kura ya siri tuliijaribu katika uchaguzi mdogo wa naibu katibu. Karatasi zilikatwa kwa mkasi kutoka daftari la shule, sanduku lilikuwa katoni ya biskuti iliyofungwa kwa gundi ya karatasi, na msimamizi alikuwa mwalimu mstaafu asiye mwanachama. Ilitokea karatasi moja yenye alama katikati ya majina mawili. Mawakala wote wawili waliinama juu yake kama waliotafuta sindano. Mwalimu akaiinua kwenye mwanga, akaandika nyuma kwa kalamu nyekundu, "Imeharibika," akawapa watie sahihi. Tofauti ilikuwa kura mbili. Aliyeshindwa akadai hesabu irudiwe, ikarudiwa, ikawa ile ile. Alikataa chakula siku hiyo, lakini sahihi yake iko kwenye faili.

Sahihi hiyo ina kazi. Sheria ya Vyama, Sura ya 108, inataka Msajili wa Vyama aarifiwe mabadiliko ya viongozi ndani ya siku 14. Kukiwa na mzozo kiasi kwamba Msajili hajui viongozi halali ni nani, anaweza kukipa chama mwezi mmoja kuthibitisha kwamba umekwisha au kwamba hatua za kisheria za kuutatua zimeanzishwa, na chama kikishindwa anaweza kukifuta. Kwa hiyo kila fomu ya matokeo itatiwa sahihi kabla hatujaondoka ukumbini, na nakala ibandikwe mlangoni.

Suala la wenzetu walio Dubai na Muscat halijaisha. Wanalipa ada kuliko baadhi yetu tulio hapa, na wana haki ya kusikika, ila mkutano uliopita mtu mmoja alikuja na barua tisa za kupigia wengine kura. Pendekezo letu ni barua moja kwa mkono mmoja. Mtaliamua leo.

Tulipitisha pia ukomo wa vipindi viwili vya miaka miwili miwili. Nimeshavimaliza. Wapo walioniambia ukomo uhesabiwe kuanzia sasa, nami nikawaambia miaka niliyokaa kwa orodha nayo ni miaka.

Wanaogombea uenyekiti ni watatu na majina yao yako ubaoni. Kura zitaanza baada ya swala ya adhuhuri. Pilau ni baada ya kuhesabu.

Mwenyekiti